Tumbo Lililosafishwa

Jumanne jioni

Na anajiita mfugaji! Shemeji Faustin amemnywesha ng'ombe wake dawa ya kuua vijidudu, akamsafisha tumbo kama sakafu ya kanisa inayosubiri askofu.

Ng'ombe mwenyewe ni wa mahari ya binti yake. Leo siku ya tatu hataki majani, hacheui, maziwa hayajazi kikombe.

"Si we mwenyewe ulisema ku mukutano, tumbo yake iko na vijidudu mingi? Bon, nimeua yote," alinijibu, tena kwa fahari.

Nikamweleza: nyasi huliwa na vijidudu, kisha ng'ombe huvimeng'enya vijidudu vyenyewe. Protini yake ndiyo hiyo. Ameua wapishi, na wapishi ndio walikuwa nyama.

Kesho nitaomba machinjioni ndoo ya maji ya tumbo la ng'ombe mwenye afya, tumnyweshe, labda vitazaliana upya. Labda. Faustin ameshaanza kuziba pua.

Nilimcheka njia nzima kutoka kwake Kanama. Nimefika nyumbani ndipo nikaukumbuka ule mkutano. Mimi, bwana mifugo, niliwatajia wafugaji vijidudu kwa mamilioni, soda zikaletwa, nikakaa. Faida ya vijidudu hivyo nimeitaja leo, kwa mara ya kwanza.