Kompaila Mpya na Boila la Kiwandani

Jumatatu, 6 Mei

Makosa mia mbili! Programu ya boila, tangi la kuchemshia mvuke la kiwanda cha sabuni, inafanya kazi tangu sijaanza shule. Leo nimeipitisha kwenye kompaila mpya, ile inayoigeuza iwe lugha ya mashine — imeitapika yote. Mzee aliyeiandika kwa lugha ya C hakutaja funksheni zake, yaani vipande vya programu, zinarudisha jibu la aina gani. Enzi zake kompaila ilijijazia: hukutaja, basi ni namba nzima. Hii ya sasa haitaki ubabaishaji. Bosi kapita: kompyuta mpya ya boila inakwenda kufungwa Jumatano, tusiaibike kwa mteja. Rahisi kusema!

Jumanne, 7 Mei

Nimempigia mzee, amekuja juu. Eti kazi yake imepika sabuni miaka yote, sisi vijana ndio wachokonozi. Nikambembeleza — samahani mzee wangu, hakuna aliyekutukana — mpaka akacheka.

Jioni makosa yameisha. Hata onyo moja hakuna! Nimeiruhusu kompaila ipunguze kazi zisizo na lazima, programu iende kasi. Jaribio la mezani limepita.

Jumatano, 8 Mei

Imefungwa. Geji ya mshale ya kupimia presha wameing'oa kupisha skrini. Kompyuta wataiwasha kesho, boila likishapata moto. Anayelichunga ni mdogo wangu. Kanitania: dada, ukinilipua, wifi yako utamlisha wewe. Mjinga huyu.

Alhamisi, 9 Mei

Sina amani. Juzi nilijaribu kwa presha moja tu. Leo, kabla hata ya chai, nimezungusha kidude cha presha ya bandia kwenye kompyuta ya majaribio hapa ofisini. Namba kwenye skrini haikusogea. Nimezungusha mpaka mwisho. Haikusogea!

Mungu wangu, nimeona. Programu inasema: presha ikiwa chini ya kiwango, endelea kuchoma. Kompaila ya zamani ilikwenda kuisoma presha kila mzunguko, neno kwa neno kama ilivyoandikwa. Hii imeona ndani ya programu hakuna anayeibadilisha namba hiyo — ikaisoma mara moja, ikaikariri, basi. Haijui kwamba huko nje kuna moto. Lipo neno moja la kuiambia isome upya kila mara, ningeliongeza. Sikuliongeza. Ni mimi, si mzee.

Bosi: usizue taharuki, valvu ya usalama ya kuachia mvuke ukizidi ipo. Ipi? Hiyo ambayo mdogo wangu analalamika wiki nzima kwamba imeganda kwa kutu?

Nimempigia. Presha ikoje? Safi kabisa dada, kasema, tangu tuwashe kompyuta imetulia palepale, haijatikisika hata kidogo. Hongera!

Nimemwambia toka! Kimbia! Kasema wenzake wako nyuma ya ukuta, hawezi kuwaacha, anakwenda kuzima kwanza. Hakukata simu. Kaiweka mezani.

Naandika maana nikikaa bure nitapiga mayowe. Nasikia mvuke. Nasikia chuma kinagongwa, bila shaka ile valvu. Namwita, namwita — hasikii. Sasa hakigongwi tena. Viatu vyake sijavisikia vikirudi