Radhi Iliyochelewa Mdomoni

Mzee Athmani,

Wamekusifu sana. Siku ya arobaini yako walijaa nyumbani kwako Kibokoni mpaka viatu vikamwagika njiani, na wale wale waliokususa miaka miwili ndio waliokuwa wa kwanza kunawa mikono pilau ilipoletwa. Bwana Twaha wa nyumba ya pili, yule aliyekuwa akitangaza barazani kwamba "Athmani yuwaringa siku hizi, salamu haitikii," alitoa kitambaa akafuta macho makavu. Nilimtazama vizuri. Hata chozi la uongo lilimshinda.

Mimi nilikaa nje, kwenye kidato cha mlango. Mutua wa Kitui, mpangaji wa chumba cha chini, mkristo wa bara. Hakuna aliyenikaribisha ndani, na sikutamani kukaa nao.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililijua nikalinyamazia, na binti yako Rukia ndiye anayeumia kwa sababu hiyo.

Ulikuwa ukinitania kila nikirudi kazini: "Mutua, hao panya wako waamkaje?" Nami najibu, "Wazima, Mzee, wanakusalimu," unacheka mpaka kofia inaondoka kichwani. Hiyo ni zamani, ulipokuwa bado unaweza kucheka. Ulijua naosha vizimba kwenye ile nyumba ya utafiti. Sikukwambia wale panya wanafanywa nini, maana si habari ya kumweleza mtu akinywa kahawa.

Wanadungwa sumu ndani ya ubongo, upande mmoja tu. Baada ya siku kadhaa panya anaanza kuzunguka, upande huo huo mmoja, kama ngamia wa kinu cha mafuta. Halafu madaktari wanampa kipande cha tambi kibichi. Panya mzima hushika tambi kwa mikono miwili akaitafuna kutoka nchani kama mpiga zumari. Yule mgonjwa mkono mmoja haumtii. Tambi inaanguka, anaiokota, inaanguka. Kisha wanamlaza kwa dawa, wanamdunga dawa nyingine inayong'aa ndani ya ubongo, na kumtia kwenye mashine iliyo kama pipa lililolazwa. Picha inatokea kwenye kioo. Siku moja daktari mmoja, mama kijana, alinionyesha, nadhani kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwonyesha. Upande mmoja wa ubongo ulikuwa unawaka kama mtaa wenye stima. Upande wa pili giza. Akasema hivyo ndivyo ugonjwa wa Pakinsoni unavyowaanza watu wengi, upande mmoja, na kwamba kutetemeka ni sehemu tu. Uso unakauka. Sauti inazama. Mtu anataka kusema neno, na neno linachukua muda mrefu kufika mdomoni.

Nilisimama pale na ufagio wangu nikakuona wewe.

Wewe uliyeshona kofia za viua, zile za kutobolewa kwa sindano, maisha yako yote, ukaanza kuniita asubuhi: "Hebu n'tungie sindano, macho yangu mabaya." Macho yako yalikuwa mazima. Kutoka ghorofani ulimwona Twaha akiiba gazeti la jirani. Ni mkono wa kulia uliokuwa haukutii. Ukitembea, ule wa kushoto unapunga, wa kulia umelala tu ubavuni. Na uso wako ukafunga, kidogo kidogo, mpaka watu wakipita na "Sabalkheri, Mzee," wanaona mtu amewakazia macho bila kujibu. Ulikuwa unajibu. Walikuwa wameshapita.

Hapa kwenu mtu asiyeitikia salamu amekwisha. Wakasema una kiburi. Kiburi kilipochoka wakasema jini. Salim mwanao akaleta mganga kutoka Majengo, akakufukiza ubani mpaka ukakohoa na kutoka damu ya pua, na yule mshenzi akasema jini limesikia. Wazee wazima, wamesoma, wana miwani ya dhahabu, na panya wangu alikuwa na akili ya kumtambua mgonjwa kuliko wao! Panya akimwona mwenzake anaangusha tambi, huchukua ile tambi basi. Hamwiti mwenye kiburi.

Nilimwambia yule daktari: kuna mzee naishi kwake, yuko hivyo hivyo. Akasema, "Mpelekeni hospitali," akarudi kwenye kompyuta yake. Miaka anaangalia ugonjwa huu kwenye kichwa cha panya, na mwenye ugonjwa mwenyewe yuko mwendo wa dakika kumi, hakuuliza hata jina lako. Naye namweka na akina Twaha, ila yeye ana koti jeupe.

Sasa nije kwa Rukia.

Unajua aliolewa Malindi bila radhi yako, na hukutaka jina lake litajwe. Alhamisi ile alikuja. Nilikuwa ndani, nimekuletea maji ya kuoga, ndoo bado mkononi. Alipiga magoti akakushika mkono. "Baba, n'samehe. Sitaki kitu kingine, nataka radhi yako tu." Wewe ukamtazama na uso ule ule wa ukuta. Alingoja. Nawe nilikuona koo likipanda na kushuka. Salim alikuwa amesimama dirishani, akasema, "Umeona? Hataki hata kukujibu. Ondoka, usimpandishe mzee presha." Rukia akajifunika buibui lake akatoka analia.

Mlango ulipofungwa ndipo midomo yako ilipoanza. Niliinama karibu. Ilichukua muda wa kuchemsha chai, Mzee, lakini ulisema: "Nimemridhia." Halafu, "Mwite."

Nilikimbia. Nilipita vichochoro vyote mpaka Bondeni, nikiuliza wenye maduka kama wamemwona mwanamke analia. Mmoja akaniuliza kama nimempiga. Gari la Malindi lilikuwa limeondoka.

Nikarudi nikamwambia Salim. Akasema nimesikia nilichotaka kusikia. Nikamweleza kuhusu mashine, upande unaowaka na upande wa giza, neno linavyochelewa. Akanitazama kama nimemmwagia maji machafu. "Wewe wataka kunambia babangu ni panya?"

Hapo nikafyata mkia. Huo ndio ukweli. Niliogopa kutolewa chumbani, niliogopa kuitwa mtu wa bara asiye na adabu. Nawe mwenyewe sikukwambia, kwa sababu sikujua nianze vipi kumlinganisha mzee wa watu na mnyama wa kwenye kizimba. Baada ya wiki chache ukaanguka ngazini, na hukuamka. Ulikufa unadhani una jini. Nawadharau wote hawa, Mzee, lakini wao hawakujua. Mimi nilijua.

Siku ya arobaini Rukia alikuja, akakaa na wanawake. Nilisikia sauti yake kutoka uani: "Babangu amekufa hana radhi na mimi. Nitawalea vipi watoto wangu?" Upande wa wanawake sina njia ya kuingia. Nilimwendea Salim mbele ya wazee nikasema, mwambie dadako, babako alimridhia, nilisikia kwa masikio yangu. Salim akageuka kwa Twaha. "Shahidi wetu huyu, muosha vizimba." Wakacheka, wali mdomoni. Twaha akaongeza, "Na panya nao walisikia?"

Ningeweza kupiga kelele pale pale, Rukia angenisikia hata akiwa jikoni. Nilivaa viatu nikaondoka. Chumba chako nimekihama; siku hizi nalala Majengo.

Salim hatapeleka neno lako. Nimeelewa sasa kwamba anapenda kuwa mtoto pekee aliye na radhi. Basi akae nayo.

Nimeomba ruhusa ya Jumapili. Mmoja wa wale wanawake wa jikoni, Bi Mwanaisha aliyekuwa akikupikia uji, amenielekeza nyumba ya Rukia kule Malindi, nyuma ya msikiti, mlango wa kijani. Akanionya kwamba mumewe ni mkali na sitakaribishwa. Si jambo geni kwangu.

Nitamweleza yote, kuanzia sindano. Nitamweleza na habari ya panya, hata akinichukia. Asiponiamini nitakaa nje ya nyumba yake mpaka aulize tena, kwa maana nimejifunza kwako kwamba jibu linaweza kuchelewa na bado likawa jibu. Nakuahidi, Mzee: sitarudi Mombasa kabla Rukia hajasikia neno lako.

Lala salama, Mzee wangu.

Mutua