Fataki za Ukubwa wa Sahani

Buffalo, Jumatatu, 4 Julai 2016. Jua kali, na upepo kidogo kutoka ziwani.

Leo kiwanda kimefungwa kwa sikukuu, nami nimekaa jikoni tangu asubuhi bila kufanya lolote la maana. Chai imepoa mara mbili. Huko Grant Street watu wameshaanza kulipua baruti zao mchana kweupe, ingawa katika jimbo hili zile za kuruka angani haziruhusiwi, na kila mlio unaniudhi. Nimechoka. Jana niliendesha gari kutoka Louisville hadi Columbus, halafu Columbus hadi hapa, lakini uchovu wenyewe si wa barabara.

Sina wa kumwambia, ndiyo maana naandika. Hapa mtandaoni hakuna anayenijua kwa sura.

Aliyewahi kupita kwenye ukurasa huu anaujua ugonjwa wangu wa fataki. Ulianza miaka mitatu iliyopita kule kiwandani Tonawanda, wakati wa chakula, mzee mmoja tunayefanya naye kazi aliponionyesha programu ya kupangia maonyesho. Unaingiza kila fataki: inapanda juu kiasi gani, inapasuka kwa upana gani, inadumu sekunde ngapi. Unachora uwanja, unapanga mirija ya kurushia, unaweka wimbo chini yake, kisha unabonyeza na kutazama onyesho zima kwenye kompyuta kabla hujagusa hata kiberiti. Mpaka leo nimepanga maonyesho kumi na moja. Niliyoyawasha kweli ni matatu. Wenzangu wana mpira wa miguu, mimi nina hii, na mke wangu ameshakata tamaa ya kuniponya.

La tatu ndilo la juzi, Jumamosi. Lilikuwa la Mama.

Mama anakaa Columbus na mdogo wangu Eliya. Ana presha ya macho, na macho yake yanaliwa kutoka pembeni. Daktari alituambia yanayokwenda hayarudi, dawa inachelewesha tu. Krismasi iliyopita nilikwenda kumsalimia, nikamketisha mbele ya ukuta, nikamwomba akazie macho msumari mmoja. Nikawa nasogeza kijiko kutoka pembeni polepole, akikiona aseme naam. Kila aliposema naam niliweka alama ya penseli ukutani. Nilipounganisha alama nikapata duara, na nilipopiga hesabu ikawa ni kama mtu ameshika sahani ya wali kwa mkono ulionyooka: kilichomo ndani ya sahani Mama anakiona, kilicho nje hakipo.

Nikasema, basi nitamtengenezea fataki za kuenea kwenye sahani hiyo.

Ilinichukua miezi sita. Mirija yote niliisimamisha wima, hakuna hata mmoja ulioinama kulia au kushoto, jambo ambalo mpenzi yeyote wa fataki atalicheka. Kwenye programu nilimweka mtazamaji mmoja tu, ameketi kwenye kiti kimoja, nikamrudisha nyuma mara tatu hadi kila kitu kikaingia ndani ya duara. Wimbo ulikuwa wa kwaya aliyoimbia Mama katika kambi ya wakimbizi, kutoka kaseti ambayo dada yangu Konsolata aliitunza tangu Kigoma. Fataki huchukua sekunde mbili na kitu kupanda, kwa hiyo kila moja niliiwahisha ili ipasuke pale ngoma inapolia. Milio ya fataki zenyewe niliizima kwenye kompyuta kwa sababu ilikuwa inaifunika kwaya. Kila nilipompigia simu nilimuuliza macho yanaendeleaje, naye alinijibu kwamba yako vilevile, anamshukuru Mungu.

Konsolata anaishi Louisville, ambako sheria inaruhusu, na muumini mmoja wa kanisa lao ana shamba nje ya mji. Eliya aliwekwa zamu ya wikiendi, hivyo nilimpitia Mama mwenyewe, tukateremka wote. Jumamosi mchana kutwa nilikuwa shambani nikifunga nyaya na shemeji yangu, mume wa Konsolata, ambaye ni Mkongo wa Bukavu na hajawahi kuniamini na kompyuta yangu.

"Donc, ile machine njo itawasha yote," aliniuliza, "na weye utaangaliaka tu?"

Nilimwambia ndivyo, kompyuta ndiyo itakayowasha zote, mimi nitatazama. Giza lilipoingia Konsolata alimketisha Mama kwenye kiti chake, mahali pale pale nilipochomeka kijiti, nami nikarudi kwenye meza yangu upande wa pili wa uwanja. Nikabonyeza. Dakika nne na sekunde kumi na mbili, fataki themanini na sita, hakuna hata moja iliyogoma. Watu wa kanisa walipiga vigelegele. Shemeji alinikumbatia. Sijawahi kufurahi vile tangu nifike nchi hii, na sioni aibu kulisema.

Tulipokuwa tunakunja nyaya Konsolata alinivuta kando.

"Mama alifumba macho," akasema. "Toka ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilimgusa, akanishika mkono tu."

Nilikaa chini kwenye nyasi.

Mimi nilizaliwa kambini. Vita ya Burundi naijua kwa kusimuliwa. Mama ndiye aliyekimbia milipuko usiku kucha na Konsolata mgongoni, na mimi, mtaalamu wa sekunde na nyuzi, miezi sita nzima nilishughulikia macho yake bila kuyakumbuka masikio yake hata mara moja. Na milio niliizima kwa mkono wangu mwenyewe. Usiku ule sikulala. Nilijitukana kwa lugha zote tatu ninazozijua. Lakini kulipokucha nilikuwa nimeshaanza kupanga onyesho jingine kichwani: chemchemi za moto za chini, zile zisizopiga kelele, kiti karibu zaidi, labda mwezi wa tisa. Kosa nililijua, na kosa ukishalijua unaweza kulirekebisha.

Jana, baada ya ibada ya kwanza, tuliondoka, Mama na mimi tu. Tulipoipita Cincinnati nilimwomba radhi. Nikamwambia kwamba Konsolata ameniambia, kwamba nilipaswa kufikiria milio, kwamba nimemrudisha mahali ambapo hakuna mtoto anayepaswa kumrudisha mama yake.

Akanijibu kwa Kiswahili, lugha anayoitumia anapotaka jambo lionekane jepesi. Kirundi kwake ni cha sala na misiba.

"Baruti haikunitisha, Nestori. Nilifumba kwa sababu hapakuwa na kitu. Nikaona afadhali nifumbe, watu wadhani nasali."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya Pasaka. Anajua mchana na usiku, anajua mtu akisimama mbele ya dirisha, basi. Nikamuuliza kuhusu kijiko, maana kile kijiko ndicho kilichokuwa msingi wa kila kitu. Akacheka kidogo, kama mtu aliyekamatwa na sukari ya wageni. Akasema hata Krismasi alikuwa anaona kidogo tu, sehemu kubwa alikuwa anasikia mkono wa koti langu ukikaribia. Aliona nimefurahi na penseli yangu, hakutaka kuniharibia.

Natamani kosa lingebaki kuwa langu. Naliandika hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Ule usiku wa kujitukana pale Louisville ulikuwa mwepesi kuliko mchana huu. Ningeweza kuhamisha kiti, kubadilisha fataki, kurudia. Sasa naifungua programu, naitazama, na hakuna mahali pa kubonyeza.

Baada ya hapo akaniambia nimsimulie zile fataki. Nilidhani anataka kwa ujumla. Hapana, alitaka moja moja, tangu mwanzo, na nisiruke. Basi nikamsimulia, maana orodha nzima iko kichwani. Sekunde ya tatu, nyekundu moja, peke yake. Akauliza nyekundu gani, ya nyanya? Nikafikiri, nikamwambia ya mawese yakiwa ya moto. Akaitikia. Sekunde ya tisa, dhahabu, inapasuka halafu inashuka taratibu kama makapi ya mpunga unapopepeta. Akaniambia nirudie hiyo. Kwenye zambarau nilikwama kabisa, akanisaidia mwenyewe: kama kile kitenge cha mama mchungaji? Nikasema ndiyo, kama kile. Onyesho la dakika nne lilichukua saa moja na nusu ya barabara.

Nililia. Nilidhani nalia kimya.

"Endesha vizuri," akaniambia.

Tulipokaribia nyumbani akaniomba nisimwambie Eliya, wala Konsolata. Nikamwambia haiwezekani. Eliya hutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini ghalani, naye Mama anabaki peke yake na jiko la gesi mpaka alasiri. Akasema jiko lile analijua kwa mikono. Akasema anakwenda bustanini kwake kwa kuhesabu hatua, anakwenda kanisani kwa kuhesabu hatua, hajamkosea mtu. "Wakijua wataniweka kwenye kiti, Nestori. Wewe umeshaniweka kwenye kimoja. Kinatosha." Hakusema kwa ubaya, lakini nilinyamaza, na kunyamaza kwangu akakuchukua kuwa ni kukubali.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni yeye aliyenifundisha msemo huo, kambini, nilipoficha kidonda cha mguu.

Eliya alifungua mlango kabla hatujabisha. Alikuwa ametoka zamu, bado amevaa fulana ya kazini, akamuuliza Mama mambo yalikuwaje. Na Mama, amesimama pale kibarazani na mkono mmoja kwenye nguzo, akamweleza. Kulikuwa na nyekundu moja mwanzoni, peke yake, kama mawese ya moto. Kisha dhahabu, inashuka taratibu kama makapi. Akamweleza vizuri sana, kwa mpangilio, bila kuruka. Eliya alikuwa anatabasamu. Mimi nilisimama nyuma ya Mama na mkoba wake mkononi.

Sikukaa hata kula. Nilisema nina kazi, kumbe leo ni sikukuu, na kila mtu anajua.

Eliya si mjinga. Mchana huu ameniandikia ujumbe. Anasema Mama amemwaga uji asubuhi, akasema ni sufuria iliyoteleza. Anasema aliyasimulia yale mambo ya fataki kwa uzuri mno, hata yeye akashangaa. Halafu akauliza swali moja: kaka, Mama aliona kweli?

Nimekaa na simu karibu saa nzima. Nikimwambia, Mama hataniamini tena, na atakuwa na haki. Nisipomwambia, kesho saa kumi na moja Eliya atatoka, na jiko litabaki na Mama.

Nimemjibu kwamba alifurahi sana.

Eliya hakuuliza hivyo.