Jina la Kumpa Chura

Jumatatu, 3 Machi

Amekuja. Asubuhi na mapema, na kikombe chake mwenyewe mkononi, kile cha bati, kana kwamba vikombe vyote vya maabara sasa ni vyangu.

"Habari za asubuhi, Daktari."

Daktari! Baba Bosi, mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka tisa. Nikamjibu, "Nzuri, Daktari." Basi tukawa madaktari wawili na trei ya vyura waliokufa.

Mkuu wa idara ndiye aliyeamua. Aliyewakamata ni yeye, aliyegundua kwamba ni spishi mpya ni mimi, kwa hiyo hakuna wa kumwandika chura huyu peke yake. Mambo yenu ya nyumbani yaacheni nyumbani, akasema. Nyumbani gani?

Tukaanza kupima. Yeye anataja, mimi naandika. Urefu wa mwili. Upana wa kichwa. Jicho mpaka pua. Anavyotaja namba hajabadilika, anaivuta ya mwisho kama anaita watoto waje kula. Nikaandika tano mahali pa tatu. Aliona. Akairudia namba, taratibu, nikafuta.

Jumatano, 5 Machi

Chura mwenyewe ni mdogo, mkubwa wao anakaa juu ya kidole gumba. Mgongo rangi ya majani yaliyooza. Vipele laini. Mkanda wa njano kutoka jichoni mpaka kiunoni. Njano kali kule msituni! Ndani ya spiriti imefifia, imekuwa kama chai ya maziwa. Nimeandika rangi zote mbili, ya uhai na ya chupani.

Tunajua kijito kimoja tu anakoishi. Juu kabisa, pale miti inapoanza kuwa mifupi na mawingu yanaingia mpaka kwenye viatu. Na ndicho kijito hichohicho ambacho mradi wa maji unataka kukiingiza kwenye bomba. Bodi ya kuamua inakaa mwezi wa sita. Mkuu amekuja kutuharakisha, tai imempinda. Chura asiye na jina hateteeki, anasema. "Nikasimame mbele ya watu wazima niwaambie nini? Kuna kitu fulani hivi, kina miguu minne?"

Nilitaka kucheka. Nikamwona Baba Bosi naye anataka kucheka. Tukaangalia chini wote wawili.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimegombana naye. Tena kwa sauti.

Kati ya majike yupo mmoja mwenye tumbo kubwa. Hawa hawatagi mayai majini, wanazaa, na hilo ndilo jambo kubwa la makala yetu yote. Lazima mtu amfungue aone. Nilijiandaa tangu jana. Nimefika nakuta kazi imeshafanyika, vipimo vimeandikwa kwa mwandiko wake, trei imefunikwa kitambaa.

"Nani alikwambia mimi siwezi?"

"Sikusema huwezi."

"Sasa?"

"Nilitaka usilazimike."

Nikamwambia huruma yake ampelekee kaka yake, anakolala siku hizi. Nimeropoka, najua. Mfagiaji alikuwa mlangoni na ndoo yake, akarudi kinyumenyume, maskini, maji hayakumwagika hata tone.

Alipotoka nikafunua. Wadogo mno. Baadhi wana mikia bado. Kila mmoja amelazwa peke yake juu ya pamba iliyoloweshwa, vichwa vyote upande mmoja. Hakuna mwalimu aliyetufundisha kuwalaza hivyo.

Nikafunika tena.

Jumatano, 2 Aprili

Nimefikiria jina, amesema. Nikajua kabla hajafungua mdomo vizuri.

Si Bosi. Bosi ni la utani, tulimpa mwanetu wenyewe kwa sababu alituamrisha tangu hajaota meno yote. Anataka lile la kwenye cheti. Sijalisikia likitamkwa tangu Novemba ya mwaka juzi. Hapa pia siliandiki.

Hapana, nikasema.

"Kwa nini?"

Kwa sababu litaandikwa kwenye chupa. Kwa sababu lebo tunaifunga mguuni, kwa uzi, kama mochwari. Kwa sababu kijito kikiingia bombani, siku moja mtu asiyetujua ataandika jina la mwanangu, na mbele yake ataandika: ametoweka.

"Nimeshamzika mara moja," nikamwambia. "Inatosha."

"Hata mimi nilimzika." Alikuwa anafuta kipimio kwa kitambaa. Kilikuwa kikavu siku nyingi. Akaendelea kukifuta.

Kitu ambacho sikumwambia: kule mlimani, siku aliyomkamata wa kwanza. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope, mkono umezama chini ya gogo mpaka begani. Akautoa. Akafungua ngumi kidogo, akachungulia, akacheka. Kicheko cha tumboni, kile chake cha zamani. Miezi mitano tu tangu makaburini! Na safari ile tuliambiwa itatusaidia. Mimi nilishika tochi nikamwangalia meno. Nadhani ndoa yetu iliishia pale, kwenye yale meno.

Ijumaa, 11 Aprili

Mama mkwe amekuja maabara. Peke yake, na mkoba wake wa kanisani, akaketi kwenye stuli ya hadubini kama yuko kituo cha afya. Mwanawe alimpigia simu kumweleza habari za jina. Alidhani ataungwa mkono, bila shaka.

"Mnataka kumwita mjukuu wangu chura?"

"Si hivyo, mama," Baba Bosi akasema. "Mtoto haitwi chura. Chura ndiye ataitwa jina la mtoto."

"Tofauti iko wapi?"

Tukaangalia trei. Madaktari wawili!

Akataka kumwona. Nikamletea mmoja kwenye kisahani. Akainama, akavua miwani, akaivaa. Nilitegemea atatema mate. Akasema ana vidole vizuri. Kisha akasema basi angalau jina msimpe yule jike mwenye tumbo lililopasuliwa. Kisha akalia, bila sauti, mkoba mapajani, na mimi ndiye niliyekuwa karibu, kwa hiyo ni mkono wangu alioushika. Ananiita mkwe wangu bado. Sikumkumbusha kwamba talaka yetu iko kwa wakili.

Jumapili, 27 Aprili

Baba Bosi alipita nyumbani kuchukua buti zake za mvua. Hakuingia ndani, alisimama barazani. Buti nilikuwa nimeshaziosha. Sijui kwa nini niliziosha.

"Weka jina unalotaka," akasema. "La mkanda, la mlima, lolote. Sitagomba."

Nikamuuliza kilichombadilisha.

Hajabadilika, alisema. Amechoka tu. Akaniambia kaka yake ana watoto wanne pale ndani na wameambiwa wasimtaje Bosi mbele ya baba mdogo. Wakisahau, wanapigwa jicho, wananyamaza. Kazini hivyohivyo. Hata mama yake anasema 'yule mtoto'. "Nilitaka tu mahali pamoja duniani ambapo mtu atalazimika kulitaja. Hata kama ni mwanafunzi anasomea mtihani. Hata kama analitamka vibaya."

Akaondoka na buti kwapani.

Jioni nimemaliza rasimu. Nimemwita chura kwa mkanda wake wa njano. Jina zuri, linaeleweka, halimuumizi mtu. Nimetuma.

Ijumaa, 9 Mei

Mwongoza njia wetu amepiga simu kutoka chini ya mlima, kelele za mashine nyuma yake mpaka ilibidi apige kelele na yeye. Tingatinga limefika kwenye kona ya chini ya kijito. Bodi haijakaa! Wanasema ni barabara ya kupitishia vifaa tu. Amepanda mara tatu tangu mvua zianze, ameinua magogo yote tuliyokuwa tunainua. Hajaona hata mmoja.

"Labda wamejificha, Daktari."

Labda.

Nilimweleza Baba Bosi. Akageukia rafu. Vyura wote tunaojua waliko, wako pale. Tumewaweka sisi.

Nilifikiri: unaona? Nilikuwa sahihi. Sikufurahi hata kidogo.

Jumatatu, 19 Mei

Kuna mlinzi mpya getini. Mfagiaji aliniita kutoka mbali, kama anavyoniita siku zote, yeye peke yake siku hizi: "Mama Bosi! Umesahau mwavuli!" Mlinzi akauliza, bila ubaya, bosi ndiye nani, mtoto wa mkuu?

Mfagiaji akaweka mkono mdomoni. Akaniangalia kama amevunja kitu cha watu.

Na mimi nikajibu. Sijui maneno yalitoka wapi. Nikamwambia ni binti yangu, alikuwa na miaka minne, alikuwa akija hapa siku ambazo hatukuwa na mtu wa kumwachia. Alikuwa akipanda juu ya kigari cha ndoo ya kupigia deki, mfagiaji akimsukuma, na kila wanayekutana naye koridoni anamsimamisha. Kitambulisho! Siku moja akamsimamisha mkuu wa idara. Mkuu akapapasa mifuko, hana. Bosi akanyoosha kidole: nje!

"Akatoka?" mlinzi akauliza.

"Alitoka na tai yake!" mfagiaji akadakia. "Akasimama juani kule, anaomba ruhusa! Mpaka mtoto akasema haya, leo nakusamehe, kesho usirudie."

Mlinzi alicheka akashika geti. Mfagiaji akashika mpini wa deki. Nikasikia mtu wa tatu anacheka, kwa tumbo, kwa nguvu, nikageuka nimtafute. Ni mimi.

Nimekaa stoo kati ya chupa muda mrefu baadaye, taa sijawasha. Nilicheka. Na bado hayupo. Nilidhani mtu akicheka hivyo ina maana amemwacha nyuma. Kumbe sivyo. Kumbe alikuwa pale pale, na ndoo yake.

Nimefikiria yale meno kule mlimani. Mwaka mzima na zaidi nimeyachukia.

Jumanne, 3 Juni

Mhariri wa jarida ametuandikia: makala imepita, inatoka wiki hii ili iwahi bodi. Mkuu amefurahi, amempigia kila mtu. Mwongoza njia hana jipya. Karatasi za wakili zimefika pia, kwenye bahasha ya kaki, nimeziweka juu ya friji. Sijazisoma.

Siwezi kulala na sitaki kuandika.

Alhamisi, 5 Juni

Naandika haraka, simu iko sikioni.

Nimempigia mhariri. Sikumwambia Baba Bosi. Ningemwambia ningebadilisha mawazo. Yuko hapa, upande wa pili wa meza, anahamishia vyura kwenye chupa zao za kudumu, glavu mikononi, kanipa mgongo nusu. Alidhani napiga simu ya kawaida.

Nikasema nataka kubadilisha jina la spishi. Mhariri akashtuka. Leo? Makala inatoka kesho! Ni mama mtu mzima kwa sauti yake, ana kikohozi. Akasema haya, litaje herufi kwa herufi, nisije nikakosea.

Nikataja. Herufi ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu, chupa haikusikika tena ikigonga meza. Sikumwangalia. Nikaendelea mpaka mwisho, nikaongeza ile herufi ya Kilatini wanayoweka mwishoni, mkia wa jina la mwanamke.

"Subiri nikusomee," akasema mhariri. Akalisoma. Lote, kwa sauti, mtu nisiyemjua, akakosea kidogo katikati. Nikamsahihisha. Akalirudia, safari hii vizuri.

Kisha akaniambia nisikate simu, anaenda kufungua ukurasa wenyewe. Nimesubiri. Nasikia viatu vyake, kiti, kikohozi.

Baba Bosi amevua glavu. Amesimama. Hajaja upande huu wala hajaenda popote. Uso wake sijui nauelezaje, na kazi yangu ni kueleza vitu.

Mhariri amerudi. Anasema ukurasa upo, amelibandika jina, limekaa vizuri. Lakini kuna sehemu ya asili ya jina na lazima ijazwe. Anauliza: huyu ni nani kwenu?

Nimefunika simu kwa kiganja. Baba Bosi anasema kitu kwa midomo, bila sauti, sikipati. Jibu naliandika hapa kwanza nione linavyokaa. Alikuwa binti yetu. Ni binti yetu. Mhariri anasema halo? Halo, bado upo?

Nipo. Ni...