Kinachoishika Boriti

Jumanne, 8 Aprili 2025

Masika imeamka na hasira. Nusu ya wanafunzi hawakuja skuli. Waliokuja nimewafundisha msuguano. Nimewasukumisha meza tupu, kisha meza ile ile yenye vitabu, wakaona wenyewe ipi inagoma.

Nimerudi, nimejilaza, natazama juu. Boriti ya tatu kutoka dirishani — mbona nyeupe pembeni? Nikapanda kiti. Si rangi. Ni kipande kilichokuwa ndani ya ukuta, sasa kiko nje! Upana wa ukucha. Tundu lake ukutani limerowa, chokaa inatoka kama uji. Nimepiga mstari wa penseli pale boriti inapoingia ukutani. Tuone.

Juu ya boriti hiyo ndipo penye ukumbi wa Bi Kazija, mwenye nyumba, anayekaa ghorofa ya juu yangu. Kabla ya Sikukuu katandika marumaru mapya juu ya sakafu ya zamani, maana Jumapili hii anamtia hina mwanawe, Sumaiya. Uzito juu ya uzito, na wote unashuka kwenye boriti zangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mstari umesogea. Ulikuwa ukutani, sasa umeuacha ukuta.

Nimepanda kwa Bi Kazija. Shikamoo, marahaba, chai ya tangawizi, kaimati. Nikamweleza polepole kwamba shughuli isifanywe darini. Wanawake wakikaa kitako, labda. Wakicheza, hapana. Nilichukua na mizani yangu ya kupimia uzito. Nikasimama kimya juu yake: sitini na mbili. Nikaruka kidogo tu, mshale ukapita themanini. Mimi ni yule yule, nikamwambia, lakini ninapotua sakafu inapata kishindo zaidi ya uzito wangu. Kaitazama mizani, kanitazama mimi, kauliza kama nimekuja kuwapima watu unene.

Mizani nikaiweka chini. Nikatamka neno ambalo laiti ningelimeza.

"Bi Kazija, nyumba hii sasa inashikwa na msuguano tu."

Alikitua kikombe, akaanza kukusanya vyombo. Chai yangu hata nusu sijafika.

Ijumaa, 11 Aprili

Mtaa mzima wa Malindi unajua. Eti mimi, Rahila, nimepanda kwa mwenye harusi kumwambia nyumba ina msuguano! Mie nazungumzia mti na ukuta, mwenzangu kasikia ugomvi, mimi na yeye. Neno nalifundisha kila mwaka, halijanifika akilini kwamba mtaani lina maana nyengine. Ah!

Na sababu wanayo tayari. Munir, bwana harusi, mwaka juzi alileta posa kwangu. Nilimkataa mimi! Lakini nani anakumbuka nani alimkataa nani? Wanachokiona ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, anaishi peke yake chini ya dari ya watu, anataka kuvunja harusi. Husda, basi. Inaniuma, wallahi inaniuma.

Nimempigia Shamsi, kaka yake Bi Kazija. Kaja, kaigonga boriti kwa ngumi, kasema boriti hizi zimebeba harusi ya mama yao na ya bibi yao. Nikamwambia wakati huo zilikuwa zimeingia ukutani sawasawa. Nikamuomba japo nguzo moja ya kuitegemeza. Kaahidi Jumatatu, shughuli ikishapita. Mlangoni kageuka, kaniambia nisijali, na mimi ntapata wangu. Mpumbavu!

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mstari umesogea tena. Nimehamisha kitanda.

Watu wanadhani kitu kikitulia kimeridhika. Hata! Kimetulia kwa kuwa kinachokivuta chini na kinachokizuia vimelingana. Kimoja kikipungua kidogo, safari. Na ukuta uliorowa haukamati.

Naogopa. Kesho wanawake watapanda na watoto wao.

Jumapili, 13 Aprili, alasiri

Nnaandika kwenye simu, barazani kwa jirani wa mbele. Daftari limebaki ndani, na ndani siingii.

Ngoma ilianza baada ya adhuhuri. Chokaa ikawa inaanguka kwenye sahani yangu ya wali. Nikatoka mbio hadi ngazini — nikasita. Nikipiga kelele kwamba dari inaanguka watakimbia wote pamoja, na mlango wa ngazi uko upande wa boriti ile ile. Watasongamana juu yake. Nikabaki nimesimama pale, sijui la kufanya.

Ndipo Sumaiya akashuka. Bi harusi mwenyewe! Hina mbichi mikononi na nyayoni, anatembea kwa visigino. Alisema amesikia maneno ya watu, anataka kuona kwa macho yake. Nilimsomesha kidato cha tatu, alikuwa na maswali huyu hata kengele ikilia. Akaingia chumbani kwangu, akaitazama boriti, akautazama mstari. Vumbi likamwangukia kwenye nywele.

"Mwalimu, msuguano uliousema ni ule wa darasani?"

"Ndio ule."

"Basi mimi sirudi juu."

Nikamfunika kanga, tukatoka. Mwari, na hina haijakauka, mchana kweupe njiani! Nikampigia Thuwaiba, aliyempaka hina. Nikamwambia bi harusi kakimbilia nje, ngoma isite, na anayetaka kumwona ashuke taratibu, mmoja mmoja, ngazi imerowa. Nani hataki kuiona aibu kama hiyo? Wakashuka. Mmoja mmoja, wamejitanda, macho yamewatoka.

Wote wako nje sasa, wananisengenya nikiwa papa hapa. Wote ila Bi Kazija. Yeye kaketi katikati ya ukumbi, juu ya marumaru yake. Shamsi kampigia simu, kamkatia. Thuwaiba kaleta ujumbe: hashuki mpaka nipande nimuombe radhi, na niseme mbele ya watu kwamba nyumba ni nzima.

Mvua inaanza. Wanawake wanaulizana watakaa njiani mpaka lini, na wawili washasogea mlangoni. Nimewazuia kwa mkono. Mmoja kanisukuma.

Sumaiya analia, mikono kaiinua asiiharibu hina. Ananiambia nimuombe tu mama yake radhi, yaishe.

Nikiomba radhi, wanapanda wote. Nisipoomba, Bi Kazija hashuki.

Ananiita dirishani, jina langu na la baba yangu, watu wasikie. Nimemwitikia naam.

Nshavua viatu, nipande bila kishindo.