Si Ukoma

Jumatatu, baada ya isha

Si ukoma. Naandika tena nijisomee: si ukoma. Sitapelekwa kambi ya wakoma.

Leo hospitalini daktari Mzungu alileta wanafunzi wake wa utabibu, vijana wetu wa hapa, wajifunze kwangu. Walinibinyabinya kama papai la sokoni, nikakereka. Mmoja alinichoma vidole kwa pini akauliza, "Fundi, unahisi?"

"Naam, bwana." Nilikuwa sihisi kitu, lakini mtu wa hospitali utamwambiaje hapana?

Daktari akamkatiza. "Usimuulize. Hapa watu hukukubalia kwa adabu tu. Mfunge macho, akuonyeshe ulipomgusa."

Wakanifunga kitambaa. Kila nilipoonyesha, nilikosea.

Kisha wakatazama miguu yangu iliyokonda na nyayo zilizopinda. "Baba yako alitembeaje?" daktari akaniuliza.

Nikamwambia alitembea akiinua magoti juu, kama mtu anayevuka tope la bonde la Jangwani. Kariakoo nzima ilisema karogwa. Daktari akawaeleza vijana kuwa ni maradhi adimu ya mishipa ya fahamu, hurithiwa, wala hayaambukizi. Dawa hana.

Naihofia miguu ya mwanangu Salumu. Hilo nitaliwaza kesho.

Tangu vidole vilipokufa ganzi, hakuna aliyeniletea nguo ya kushona, na mke wangu amekuwa akinipakulia sahani ya peke yangu. Jioni hii nilipomweleza, aliandaa sinia moja, akakaa tule pamoja. Mkono wake ukagusa wangu kwenye wali.

Sikuuhisi, lakini niliuona.