Kizibo cha Evaristi na Programu ya Kuchora Bodi

CHAMA CHA MAFUNDI REDIO NA SOLA, NYABIYONZA
KAMATI NDOGO YA KOMPYUTA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TATU KILICHOFANYIKA KATIKA KARAKANA YA USHARIKA, NYABIYONZA, JUMAMOSI TAREHE 16 MACHI 1996, KUANZIA SAA 4:40 ASUBUHI (kilipangwa kuanza saa 3:00)

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Melkiory Byarugaba – Mwenyekiti
2. Mzee Kashaija – Mjumbe, fundi redio tangu mwaka 1961
3. Mwl. Yustus Rwegasira – Mjumbe, mwalimu wa sayansi, Mabira
4. Bi. Evangelina Kemigisha – Katibu

MWALIKWA
Mama Vestina Mukamusoni, mkulima wa Nyakakika, shangazi yake Ndg. Evaristi Sibomana

AMBAYE HAKUHUDHURIA
Ndg. Evaristi Sibomana – Mjumbe (yuko Rwanda, anasubiriwa)

KUMB. NA. 1/3/96: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi, akaeleza kwamba ajenda ni moja: kuchagua programu ya kompyuta ya kuchorea bodi za saketi. Alikumbusha kwamba zahanati inasubiri bodi ya kulinda betri za sola, kwa sababu betri zake zinanyonywa mpaka zinakufa. Alisema pia kwamba kompyuta tuliyopewa msaada imefunikwa kitambaa cha meza tangu Agosti, na waumini wameanza kuuliza kama ni televisheni na itawashwa lini.

KUMB. NA. 2/3/96: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Mzee Kashaija alisema kwamba katika kumbukumbu zote mbili zilizopita ameona neno "anasubiriwa" mbele ya jina la Ndg. Evaristi, na hakumbuki kikao kupitisha kwamba mtu huyo asubiriwe. Katibu alijibu kwamba hiyo ni lugha ya kawaida ya ofisi. Mwl. Yustus alisema amepita ofisi nyingi na lugha hiyo hajaikuta. Mwenyekiti alitaka tuendelee, kwa hiyo kumbukumbu zilithibitishwa na neno likabaki.

KUMB. NA. 3/3/96: YATOKANAYO – BARUA YA KUOMBA KIZIBO
Kwa faida ya mwalikwa, Mwenyekiti alieleza kwamba programu ziko mbili. Ya kwanza imo katika disketi tatu nyeusi alizozileta Ndg. Evaristi kutoka mafunzoni Mwanza. Programu hiyo haifunguki mpaka kichomekwe nyuma ya kompyuta kizibo kidogo, ukubwa wa kiberiti, mahali pa waya wa printa. Ndg. Evaristi alipowasindikiza wazazi wake kurudi kwao Rwanda, Agosti mwaka jana, aliondoka na kizibo hicho katika mfuko wa koti. Hakuna aliyesema alikusudia.

Mwenyekiti alimtaka Katibu aeleze utekelezaji wa azimio la kikao cha pili, yaani kumwandikia Ndg. Evaristi ampe kizibo dereva yeyote wa lori anayepita mpaka wa Rusumo.

Katibu alieleza kwamba barua ilikwenda tarehe 29 Januari. Alipoulizwa na Mwl. Yustus iliandikwaje, Katibu alikiri kwamba maneno ya azimio hayakuandikwa kama yalivyopitishwa. Barua ilimwomba Ndg. Evaristi akilete kizibo mwenyewe.

Mzee Kashaija aliuliza nani alimtuma Katibu kubadili azimio la kamati. Katibu alisema hakutumwa na mtu. Mwenyekiti alimaka kwa lugha ya nyumbani, "Mawe! Chama kizima kimekaa wiki saba kikila vumbi kwa ajili ya neno moja." Katibu aliomba radhi. Radhi ilipokelewa na Mwenyekiti; Mwl. Yustus alisema ataifikiria.

KUMB. NA. 4/3/96: KULINGANISHA PROGRAMU MBILI
Mwl. Yustus aliwasilisha programu ya pili, iliyomo katika disketi moja ya bluu. Alieleza kwamba waliotengeneza wameruhusu inakiliwe na yeyote bila malipo. Haina kizibo. Alisema vijana wanne wa Mabira wanaojifunza kuunda redio wangeweza kupewa kila mmoja nakala yake, wakaitumia popote watakapopata kompyuta. Akakubali pia kasoro zake: inachora upande mmoja wa bodi tu, na kila mstari unauvuta mwenyewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Mzee Kashaija alisema yeye kwa miaka yote amechora bodi zake kwa rangi ya kucha ya mke wake, akazichovya kwenye dawa, na zinaimba mpaka leo. Hata hivyo, kama lazima iwe kompyuta, basi iwe ile nyeusi. Inatafuta njia za mistari yenyewe. Tena ndani yake Evaristi alikwisha kuingiza vipande mia moja na kumi na viwili vinavyopatikana katika redio zetu mbovu za huku, kila kimoja kimepimwa kwa rula, mguu kwa mguu. Ya bluu haina hata kimoja. Mwl. Yustus aliuliza kazi hiyo ilichukua muda gani. Katibu alijibu kwamba ilichukua miezi mitatu, kila siku baada ya kazi; Evaristi alikuwa akipima na Katibu akiandika. Aliongeza kwamba hakuna aliyeona kuwa ni muda mrefu.

Mwenyekiti alielekea kushauri tusubiri mpaka Pentekoste. Mwl. Yustus alisema betri za zahanati hazijui Pentekoste. Maneno yalipanda kidogo. Mwenyekiti akagonga meza kwa bisibisi.

KUMB. NA. 5/3/96: MAELEZO YA MWALIKWA
Mwenyekiti alimwomba Mama Vestina aeleze kama ana habari za mtoto wa kaka yake, ili kamati ijue inasubiri nini.

Mama Vestina alifungua fundo la kitenge chake, akatoa kizibo, akakiweka mezani. Alieleza kwamba kililetwa na dereva wiki mbili zilizopita, pamoja na ujumbe wa mdomo kwamba apewe Katibu mkononi.

Mwenyekiti aliagiza maneno yafuatayo ya Mama Vestina yaandikwe kama yalivyosemwa: "Mwanangu Evangelina, nisamehe. Nilikaa nacho wiki mbili kwa sababu nilijua ukikiona utaelewa. Mama yake Evaristi alikaa hapa miaka thelathini na mitano akililia kwao. Hata ndizi za shamba letu aliziona hazina ladha. Sasa amefika, analala usingizi. Evaristi hawezi kumwambia, basi mama, inuka turudi. Amepata kazi ya mafundi wa simu huko. Hatarudi."

Mwl. Yustus aliuliza kama kulikuwa na barua. Mama Vestina alisema haikuwapo. Alisema dereva alimkuta Evaristi ameandika karatasi mbili na kuzichana zote mbili.

Kikao kilisimama kwa dakika ishirini na tano kwa sababu Katibu alitoka nje kulia. Mwenyekiti alipendekeza iandikwe "kwa mapumziko". Katibu ameona aandike kama ilivyokuwa. Mzee Kashaija naye alitoka, akasema anakwenda kuangalia paneli ya sola, na akarudi bila kusema ameonaje.

KUMB. NA. 6/3/96: KURA
Kikao kiliporejea, Mwl. Yustus alichomeka kizibo na programu nyeusi ikafunguka mara moja. Wajumbe walitazama orodha ya vipande mia moja na kumi na viwili ikipita kwenye kioo. Mwenyekiti alisema kwamba sasa kikwazo kimeondoka, na kwa kuwa programu hii ndiyo bora na Katibu ndiye anayeifahamu, anaona hakuna haja ya kura. Mwl. Yustus aliomba kura ipigwe hata hivyo, ili asije akaambiwa hakusema.

Mzee Kashaija alipiga kura kwa disketi nyeusi. Mwl. Yustus alipiga kwa disketi ya bluu. Kwa utaratibu Mwenyekiti hapigi kura ila zikilingana. Ilibaki kura ya Katibu.

Katibu alipiga kura kwa disketi ya bluu.

Mwenyekiti alimtaka aeleze, kwa kuwa wajumbe walishangaa, na Mwl. Yustus zaidi ya wote. Katibu alieleza kwamba nyeusi ni bora na hana ubishi juu ya hilo. Lakini kizibo ni kimoja. Kikipotea, kikiungua, au aliye nacho akisafiri, kila mtu anakaa chini na kungoja. Alisema amekaa hivyo tangu Agosti na hapendi vijana wa Mabira wafundishwe kukaa hivyo. Alisema chama kisifungwe tena na kitu kilichomo mfukoni mwa mtu, hata kama mtu huyo ni mwema. Vipande mia moja na kumi na viwili atavipima upya yeye mwenyewe.

Mzee Kashaija aliuliza nani atakuwa anaandika. Mwl. Yustus alijitolea kuandika. Katibu alishukuru, akasema ataandika mwenyewe.

AZIMIO: Programu ya disketi ya bluu imechaguliwa kwa kura mbili dhidi ya moja. Bodi ya zahanati ianze kuchorwa Jumatatu.

KUMB. NA. 7/3/96: KURUDISHA KIZIBO
Mzee Kashaija alisema kizibo ni mali ya Evaristi na huenda kazi yake mpya ikamtaka awe nacho, kwa hiyo kirudishwe kwa dereva yuleyule. Wote waliafiki. Mwenyekiti alimwagiza Katibu aandike barua ya kukisindikiza. Katibu aliomba kazi hiyo apewe mwingine, kwa kuwa akianza kumwandikia hatajua aishie wapi. Barua ataiandika Mwl. Yustus.

Mwl. Yustus aliuliza aweke salamu gani kutoka kwa Katibu. Katibu alijibu kwamba aandikiwe tu kuwa programu imechaguliwa.

Kikao kilifungwa saa 8:15 mchana kwa sala iliyoongozwa na Mama Vestina.

(Sahihi) M. Byarugaba, Mwenyekiti

(Sahihi) E. Kemigisha, Katibu